Jiwe lililorushwa kutoka juu ya ukuta: kwa nini kanuni ya umbali haitoi jibu la kitabu?

pcm_kidato5 aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada katika swali la fizikia ambalo limetugawanya darasani, na kila upande unaona hesabu yake haina kasoro.

Swali ni hili: jiwe linarushwa kutoka juu ya ukuta wenye kimo cha mita 15, kwa mwendokasi wa mita 20 kwa sekunde, likielekezwa juu kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo. Ardhi ni tambarare, ukinzani wa hewa unapuuzwa, na g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, inachukuliwa kuwa 10. Tunatakiwa kutafuta umbali kutoka kwenye kitako cha ukuta hadi mahali jiwe linapoangukia.

Mimi nilitumia kanuni tuliyofundishwa, R = u² sin 2θ / g, ambamo R ni umbali, u ni mwendokasi wa kurushia na θ ni pembe, nikapata 400 × 0.866 / 10, yaani mita 34.64. Mwenzangu alisema kwamba kanuni hiyo haina mahali pa kuingiza kimo cha ukuta, kwa hiyo akatafuta kwanza muda ambao jiwe lingekaa hewani kama ukuta usingekuwapo, akapata sekunde 2, kisha akajumlisha muda wa kitu kuanguka kutoka mita 15, ambao ni √(2 × 15 / 10) = sekunde 1.73. Jumla ya muda wake ni sekunde 3.73, naye alipozidisha kwa 17.32 akapata mita 64.64.

Nyuma ya kitabu jibu ni mita 52, ambalo halifanani na langu wala lake. Je, kitabu kimekosea? Na kama hakijakosea, sisi tumepotea wapi?

mwl_mekanika alijibu:

Umefanya vizuri kueleza njia zenu zote mbili, kwa sababu anayeleta jibu peke yake hutulazimisha kubahatisha alipopotea. Kitabu chenu kiko sahihi, na kila mmoja wenu ametumia kanuni ya kweli mahali ambapo sharti lake halijatimizwa.

Tuanze na wewe. Kanuni R = u² sin 2θ / g imepatikana kwa kudai kwamba kitu kinaangukia katika usawa uleule kilikorushwa. Mpira unaopigwa kutoka kwenye nyasi na kudunda kwenye nyasi hizo hizo unatimiza sharti hilo, lakini jiwe lenu halitimizi. Hata hivyo, mita 34.64 ulizopata zina maana yake: zinaonyesha mahali ambapo jiwe, likiwa katika kushuka, linapita tena kwenye usawa wa juu ya ukuta. Hapo bado lina mita 15 za kwenda chini, na katika muda huo linaendelea kusonga mbele. Wewe ulilisimamisha hewani.

Mwenzako aliliona tatizo hilo, naye anastahili sifa kwa kuliona, ila kanuni aliyoichukua kulitatua, t = √(2h/g), ambamo t ni muda na h ni kimo, nayo ina sharti lake: kitu kianze kuanguka kikiwa hakina kasi yoyote ya wima. Jiwe linaporudi kwenye usawa wa ukuta linashuka kwa mita 10 kwa sekunde, kasi ileile ya wima liliyoondoka nayo, isipokuwa sasa inaelekea chini. Kwa hiyo mita 15 zilizobaki halizimalizi kwa sekunde 1.73 bali kwa sekunde 1 tu. Hakikisheni wenyewe: 10 × 1 + ½ × 10 × 1² = 15. Mwenzako alipolichukulia jiwe kuwa limetulia pale juu, alilipa muda wa ziada hewani, na muda huo ndio uliomzidishia umbali.

Sasa njia. Mwendo wa jiwe ni mienendo miwili inayokwenda kwa wakati mmoja bila kuingiliana. Katika mlalo hakuna kani inayolisukuma wala kulizuia, maana hewa tumeipuuza, kwa hiyo kasi ya mlalo inabaki 20 cos 30° = mita 17.32 kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho. Katika wima jiwe linaanza na 20 sin 30° = mita 10 kwa sekunde kwenda juu, na dunia inaipunguza kasi hiyo kwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kinachoiunganisha mienendo hii miwili ni muda: sekunde ambazo jiwe linatumia kupanda na kushuka ndizo hizo hizo linazotumia kusonga mbele. Ndiyo maana katika maswali ya aina hii tunautafuta muda upande wa wima, kisha tunaupeleka upande wa mlalo.

Chukua juu kuwa chanya na mahali pa kurushia kuwa sifuri. Ardhi iko kwenye −15, kwa hiyo:

−15 = 10t − 5t²

Ukigawanya kwa 5 na kupanga upya utapata t² − 2t − 3 = 0, ambayo ni sawa na (t − 3)(t + 1) = 0. Muda ni sekunde 3, na umbali ni 17.32 × 3 = mita 51.96, ambazo kitabu kimezikadiria kuwa 52.

Wanafunzi wengi hulifuta jibu la pili, t = −1, kana kwamba ni takataka. Sharti la swali linalikataa, kwa sababu saa yetu ilianza pale jiwe lilipoachia mkono, lakini hisabati haikulitoa hewani. Linasema kwamba kama jiwe hilo lingekuwa limetoka ardhini na kufuata parabola hii hii, yaani mkunjo huu huu wa njia yake, hadi kufika pale mkono ulipokuwa, lingekuwa limeondoka ardhini sekunde 1 kabla. Parabola ni moja. Ukuta umetuonyesha kipande chake tu.

Wasiopenda mlinganyo wa kipeo cha pili wanaweza kupitia kileleni. Jiwe linapanda kwa sekunde 1, maana kasi ya wima ya 10 inapunguzwa kwa 10 katika kila sekunde, nalo linafika mita 5 juu ya ukuta, yaani mita 20 juu ya ardhi. Kutoka hapo muda wa kuanguka ni √(2 × 20 / 10) = sekunde 2, na jumla ni 3. Tazama kwamba hii ndiyo kanuni ileile ya mwenzako, na safari hii imekubali, kwa sababu kileleni kasi ya wima ni sifuri kweli.

radiani_si_digrii alijibu:

Mwalimu ameeleza yote. Mimi naongeza tahadhari moja tu. Kabla ya kuanza swali lolote lenye pembe, andika sin 30 kwenye kikokotoo. Kikitoa 0.5, endelea. Kikitoa −0.988, kimewekwa katika radiani, ambacho ni kipimo kingine cha pembe, na hakuna njia sahihi itakayokupa jibu sahihi hadi ukirekebishe.

njia_fupi alijibu:

Pamoja na heshima kwa mwalimu, mtihani una saa zake, na kanuni moja inayofaa kila mahali inaokoa muda. Ukitatua mlinganyo wa wima kwa herufi badala ya namba, unapata:

R = (u cos θ / g) × [u sin θ + √(u² sin² θ + 2gh)]

Hapa h ni kimo cha mahali pa kurushia juu ya mahali pa kuangukia. Kwa swali hili: (17.32 / 10) × [10 + √(100 + 300)] = 1.732 × 30 = 51.96. Na ukiweka h = 0, kipeuo cha pili kinabaki u sin θ, mabano yanakuwa 2u sin θ, na unarudi kwenye u² sin 2θ / g ya mwuliza swali.

mwl_mekanika alijibu:

Kanuni yako ni sahihi, na kuitoa mwenyewe ni zoezi zuri. Sipingi mtu kuwa nayo. Nachelea mtu kuwa nayo peke yake. Mtahini akiuliza jiwe liko wapi baada ya sekunde 2, au linagonga ardhi kwa pembe gani, au litapita juu ya mti ulio mita 40 mbele, kanuni ya R haina la kusema, ilhali aliyegawanya mwendo katika mlalo na wima anaendelea palepale alipofikia. Kwa mfano, kwa kuwa t ni 3, kasi ya wima wakati wa kutua ni 10 − 30 = −20, na tanjenti ya pembe ya kutua ni 20 / 17.32, ambayo inatoa takriban nyuzi 49 chini ya mlalo. Hatua moja, hakuna kanuni mpya.

Jambo dogo kwa wanaohakiki majibu: ukitumia g = 9.8 utapata mita 52.8. Ni dhahiri mtunzi wa swali alikuwa na 10 kichwani alipochagua ukuta wa mita 15, kwa sababu kwa 9.8 kipeuo hakitoki namba kamili.

pcm_kidato5 aliandika:

Nashukuru sana, mwalimu, na wengine wote mliojibu. Sasa nimeelewa kwamba tulikuwa tunabeba kanuni bila masharti yake.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Siku zote tunaambiwa kwamba pembe ya nyuzi 45 ndiyo inayopeleka kitu mbali kuliko zote. Nilijaribu kuhesabu jiwe hili hili kwa nyuzi 45, nikapata mita 51.62, ambazo ni pungufu kuliko mita 51.96 za nyuzi 30. Nimerudia hesabu na jibu halibadiliki. Inawezekanaje? Na je, jiwe likiwa zito zaidi, jibu litabadilika?

kocha_wa_mitupo alijibu:

Hesabu yako ni sahihi, mdogo wangu, na umegusa jambo ambalo sisi tunaofundisha michezo ya kurusha tunakutana nalo kila siku uwanjani.

Nyuzi 45 ni mtoto wa sharti lilelile la usawa mmoja. Tartaglia, mwanahisabati wa Italia, aliieleza kuwa pembe bora ya mzinga wa vita katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1537, na Galileo, katika kazi yake iliyotoka mwaka 1638, akathibitisha pamoja na hilo kwamba pembe mbili zinazoachana na 45 kwa kiasi kimoja, moja chini na nyingine juu, kama vile 30 na 60, zinapeleka kitu umbali mmoja. Yote hayo ni kweli mradi kitu kinatua katika usawa kilikorushwa. Kinapotua chini zaidi, mambo yanageuka, kwa sababu kimo cha ukuta tayari kimekipa muda wa bure hewani. Mwenye muda wa bure hana haja ya kuugharamia sana kwa kasi ya wima. Afadhali aiweke sehemu kubwa ya kasi yake katika mlalo. Kwa hiyo pembe bora inashuka chini ya 45, na kadiri mahali pa kurushia panavyoinuka ukilinganisha na kasi ya kurushia, ndivyo inavyozidi kushuka.

Kwa kutumia hesabu ya kutafuta kikomo cha juu unapata kwamba tanjenti ya pembe bora ni u / √(u² + 2gh). Kwa swali lako ni 20 / √700 = 0.756, yaani nyuzi 37 hivi, na umbali mkubwa kabisa ni (u / g) × √(u² + 2gh) = mita 52.92. Sasa utaona kilichokutokea. Nyuzi 30 ziko chini ya kilele hicho kwa nyuzi 7, na 45 ziko juu yake kwa karibu nyuzi 8. Ulishuka mteremko wa upande mmoja, kisha wa upande wa pili, na katika upande wa pili ulishuka kidogo zaidi. Pembe inayolingana kabisa na 30 katika swali hili ni nyuzi 43.9. Ukitaka kujua imetoka wapi, chora mstari kutoka juu ya ukuta hadi mahali jiwe linapoangukia: mstari huo unainama nyuzi 16.1 chini ya mlalo, na pembe mbili zinazofika mahali pamoja daima zinajumlika kuwa 90 ukitoa mwinamo huo. 30 + 43.9 = 73.9. Ukuta ukiondoka, mwinamo ni sifuri, na 30 inarudi kwa 60 ya Galileo.

Zingatia pia jinsi tofauti ilivyo ndogo. Kutoka 30 hadi 45 umbali haukubadilika hata kwa mita 1.5, ilhali ukiongeza kasi kutoka mita 20 hadi 21 kwa sekunde unapata takriban mita 4 zaidi. Hapo ndipo mwalimu wa michezo anapoachana na kitabu. Chukua mrusha tufe anayeliachia kwenye kimo cha mita 2.1 kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde: kitabu kinampa pembe bora ya nyuzi 42 na umbali wa mita 21.6. Lakini warushaji hodari huliachia tufe kwenye nyuzi thelathini na kitu, kwa sababu mwili wa binadamu hausukumi kwa nguvu ileile katika kila pembe. Kadiri anavyoelekeza juu ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake inavyokwenda kupambana na uzito wa tufe, na kasi inapungua. Tuseme akishusha pembe hadi nyuzi 35 anaambulia mita 14.5 kwa sekunde: umbali unakuwa mita 22.4, karibu mita nzima zaidi, ingawa pembe hiyo "si bora". Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 23.56 za Ryan Crouser mwaka 2023, ni kazi ya kasi kwanza.

Kuhusu uzito: katika milinganyo yote iliyoandikwa hapo juu hakuna mahali penye m, yaani masi ya jiwe. Kani ya dunia inaongezeka kwa kiasi kilekile ambacho jiwe linazidi kuwa gumu kubadilishwa kasi, na viwili hivyo vinafutana. Jiwe zito likiondoka kwa kasi ileile na pembe ileile litaangukia palepale. Shida ni mkono wako: hautalirusha kwa kasi ileile.

hewa_ipo alijibu:

Niongeze neno kuhusu uzito, kwa sababu jibu la kocha ni sahihi pale tu hewa inapopuuzwa. Ukinzani wa hewa unategemea ukubwa wa eneo linalokabili upepo na kipeo cha pili cha kasi, wala haujali kilo. Kwa hiyo vitu viwili vyenye umbo na kasi moja vinapata kani moja ya kuzuiwa, na kilicho kizito kinaathirika kwa kiasi kidogo kuliko kilicho chepesi. Tufe la wanaume lina kilo 7.26, na kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde kani ya hewa haifiki hata sehemu moja ya mia ya uzito wake. Hesabu ya kitabu inalifaa kabisa. Mpira wa miguu ni mwepisi na mpana, na unapopigwa kwa nguvu kani hiyo inaweza kukaribia uzito wa mpira wenyewe. Ndiyo maana mpira mrefu wa kipa hauchori parabola kamili: unashuka kwa ukali zaidi kuliko ulivyopanda.

Mkuki uko mbali zaidi na milinganyo yetu, kwa sababu hewa inauinua na kuuzungusha pamoja na kuuzuia. Baada ya Uwe Hohn kurusha mita 104.80 mwaka 1984, mkuki wa wanaume ulibadilishwa mwaka 1986 kwa kusogeza kitovu cha uzito mbele ili ncha iiname mapema, na umbali ukapungua kwa kiasi kikubwa bila mtu yeyote kugusa kasi, pembe wala g. Mita 92.72 zilizompa Julius Yego wa Kenya ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 zilirushwa kwa mkuki wa aina hii mpya. Mwanafunzi akijaribu kukadiria mtupo ule kwa u² sin 2θ / g asishangae jibu likikataa.

mwenzake_wa_64 aliandika:

Mimi ndiye mwenzake mwenye mita 64.64. Nimekubali maelezo ya mwalimu kuhusu kasi ya wima, nami naomba kuuliza la mwisho. Je, jiwe likirushwa kutoka juu ya ukuta huo huo kwa mita 20 kwa sekunde, lakini likielekezwa chini ya mlalo kwa nyuzi 30, tunahitaji kanuni nyingine?

mwl_mekanika alijibu:

Huhitaji, kijana wangu. Inabadilika alama moja tu. Kasi ya wima mwanzoni ni −10 badala ya 10, kwa hiyo −15 = −10t − 5t², ambayo ni t² + 2t − 3 = 0, au (t + 3)(t − 1) = 0. Muda ni sekunde 1, na umbali ni 17.32 × 1 = mita 17.32.

Linganisha majibu mawili ya mlinganyo huu na yale ya swali la kwanza: yalikuwa 3 na −1, sasa ni 1 na −3. Ni namba zile zile zimebadilishana alama, kwa sababu jiwe la pili linapita kwenye parabola ya umbo lilelile, ila linaondoka mkononi likiwa upande wa kushuka. Na mawe yote mawili yanagonga ardhi kwa mwendokasi mmoja, √(20² + 2 × 10 × 15) = mita 26.46 kwa sekunde: la kwanza mita 51.96 kutoka ukutani, la pili mita 17.32, na yote mawili yakishuka kwa pembe ileile ya nyuzi 49.